Chombo Kikuukuu Si Maiti

Wazee walituachia methali isemayo kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu wengi huitamka siku hizi kana kwamba ni wimbo wa kukisifu kila kilicho kipya. Itafakari tena, msomaji, utaona kuwa ni kejeli. Haisemi kwamba kipya ni chema. Yasema kwamba binadamu hupumbazwa na upya hata akakitazama kwa furaha kidonda kilichomtoka jana. Naileta methali hii mbele yako kwa sababu nataka kugombana na desturi moja iliyoingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi, nayo ni desturi ya kukihukumia chombo kifo kwa kosa la kuzeeka.

Unaijua desturi hiyo, maana pengine hata wewe umekwisha kuwa mfuasi wake. Redio inaanza kukoroma. Televisheni inakawia kabla ya kuonyesha picha. Pasi inachelewa kupata moto, jokofu linatoa jasho mlangoni, na simu iliyokuwa ikimaliza siku mbili kwa kutiwa chaji mara moja sasa haifiki saa tisa alasiri. Mwenye chombo hukitazama kama mkulima atazamavyo maksai wa jembe aliyeanza kuchechemea. Haulizi mguu una nini. Auliza mnada ni lini. Kesho yake chombo kipya kiko mezani, na kile cha zamani kiko nyuma ya nyumba, mvua ikikinyeshea.

Nasema kwamba tendo hilo mara nyingi ni kosa, na mahali pa kulithibitishia ni hapa hapa Macalder.

Macalder si mji mkubwa. Mtu akiutafuta katika ramani ya Kenya na autafute kusini magharibi, katika kaunti ya Migori, upande wa Nyatike, kabla nchi haijatelemka kwenda kukutana na ziwa Victoria. Ulikua kwa sababu ya mgodi. Dhahabu ilianza kuchimbwa katika sehemu hizi katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Kiingereza, na baadaye mgodi wa Macalder ukawa na sifa kwa shaba yake, hata mwaka 1966 ulipofungwa. Wenye mgodi walipoondoka waliacha nyuma yao mchanga mwingi uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Katika hesabu yao mchanga ule ulikuwa takataka. Walikuwa wamekwisha kutoa walichokitaka, wakafunga daftari. Lakini miaka ilipita, na watu wakaurudia mchanga ule ule wakitafuta dhahabu iliyowaponyoka wa kwanza, wakaipata.

Mfano mwingine uko katika mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha. Katika miaka ya 1950 palijengwa kituo cha umeme penye maporomoko ya Gogo ili mitambo ya mgodi ipate nguvu. Si kituo kikubwa; uwezo wake ulikuwa megawati 2 tu. Mgodi ulikufa mwaka 1966, lakini kituo hakikuzikwa pamoja nao. Kiliendelea kutoa umeme kwa miongo mingi baada ya wale waliokijenga kwenda zao. Mashine izungushwayo na maji haidumu hivyo kwa baraka tu. Hudumu kwa sababu kuna watu wanaoisafisha, wanaoitia grisi, na wanaobadilisha kilicholika kabla hakijakiharibu kilicho kizima.

Basi ni ajabu gani hii? Katika nchi ambayo mabaki ya mgodi yalikataa kuwa takataka, na mtambo wa miaka ya 1950 ulikataa kufa, sisi twaitangaza redio ya miaka mitatu kuwa maiti kwa sababu imekoroma.

Fungua mgongo wa redio hiyo, baada ya kuitenga na umeme, utazame ndani. Nyuzi zile nyekundu zilizozungushwa ni shaba. Katika simu, vile vipande vidogo ving'aavyo mahali kadi na betri zinapogusa vimepakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi na kandokando yake. Vijisehemu vingine hutumia tantali, ambayo hutokana na koltani, na koltani huchimbwa Rubaya katika Kivu ya Kaskazini. Wataalamu wamepima wakaona kwamba tani moja ya simu kuukuu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya migodi mingi ya dhahabu. Mtu mwenye simu mbovu kabatini ana mgodi mdogo asioujua.

Sasa wafikirie wachimbaji. Kama ulilelewa katika sehemu hizi huhitaji kuambiwa. Umewaona vijana wakishuka shimoni kwa kamba, taa ikiwa imefungwa kichwani. Umesikia habari za mashimo yaliyowaporomokea watu, na pengine umehudhuria matanga. Umewaona akina mama wakichanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwa mikono mitupu, kisha donge likachomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke ule haupotei. Huingia mapafuni, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni hupata fungu lake kabla hajazaliwa. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki, wakaupa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa zebaki iliyomwagwa na kiwanda baharini. Hiyo ndiyo bei ya dhahabu. Haikuandikwa katika risiti ya dukani, lakini imelipwa na mtu.

Nasi, bei hiyo ikiisha kulipwa, twaichukua shaba na dhahabu katika umbo la redio au simu na kuitupa katika shimo la takataka, labda hatua mia chache tu kutoka shimo la mchimbaji. Tunaitoa ardhini kwa roho za watu na kuirudisha ardhini kwa mikono yetu wenyewe. Mtu angefanya hivyo kwa mahindi tungemwita mwenda wazimu.

Si sisi peke yetu, ni kweli. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa vyombo vya umeme vyenye uzito wa tani milioni 62, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyoandikwa kuwa ilikusanywa na kurejelezwa kwa njia iliyo salama. Vilivyobaki ni vingi mno. Vingine hulala kabatini, vingine hufukiwa, na vingine huchomwa ili mpira wa nyaya uungue na shaba ibaki, huku mchomaji akivuta moshi mweusi. Vioo vizito vya televisheni za zamani vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Navyo vikipasuliwa penye kisima, kisima hakisemi kitu, lakini wanywaji watasema. Wingi wa wakosaji, hata hivyo, haujapata kuligeuza kosa kuwa haki.

Wako watakaoniambia kwamba vyombo vya siku hizi havidumu kwa sababu ndivyo dunia ilivyo. Nawajibu kwamba dunia haitengenezi pasi. Pasi hutengenezwa na watu, na watu wana nia. Mwezi wa Desemba mwaka 1924, wenye viwanda vikubwa vya taa za umeme, miongoni mwao Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, walikutana Geneva wakafanya chama kilichoitwa Phoebus. Wakati ule taa nyingi ziliweza kuwaka saa 1,500, nyingine hata 2,000. Chama kikaamua kwamba taa iwake saa 1,000 tu, na kiwanda ambacho taa zake zilizidi kiasi hicho kikatozwa faini. Soma maneno hayo mara ya pili. Fundi aliyefanya kazi njema alihesabiwa mkosaji! Chama kile kilivunjwa na vita kuu ya pili, lakini sioni dalili kwamba wazo lake lilivunjwa pia. Na huko Livermore, California, katika kituo cha wazima moto, ipo taa iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901 ikawaka zaidi ya miaka 100. Waliotaka taa idumu walijua namna ya kuifanya idumu.

Tazama namna simu inavyofungwa leo. Zamani ulibonyeza kwa kidole, mgongo ukafunguka, betri ikatoka. Sasa mgongo umegandishwa kwa gundi na skrubu zake zina vichwa ambavyo bisibisi yako haiviwezi. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza Apple faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wenye simu kwamba programu mpya ingeweza kupunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka. Fikiri ni watu wangapi waliodhani simu imezeeka yote, kumbe kilichochoka ni betri tu, na betri ni kitu cha kubadilishwa.

Nasi hapa Kenya tulionjeshwa jambo la namna hiyo mwaka 2015, mitambo ya televisheni ya analogi ilipozimwa na matangazo yakahamia dijitali. Televisheni za kichogo zilinyamaza katika nyumba nyingi kwa siku moja. Hazikuwa zimeharibika. Zilihitaji king'amuzi tu, kijisanduku kinachoweza kubebwa kwapani. Lakini palikuwa na watu waliouza televisheni nzima kwa bei ya kuku, wakakopa fedha kununua nyingine, kwa kuwa hakuna aliyewafafanulia kwamba kubadilika kwa matangazo si kufa kwa chombo. Muuzaji hakuona faida ya kufafanua.

Nitakusimulia kisa changu pia, wala si kwa kujisifu, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi. Nilikuwa na redio ambayo siku moja ilizimika sauti, ingawa taa yake iliwaka. Nikaipeleka katika duka moja la mji mkubwa. Muuzaji aliipindua mara moja, hakuifungua, akaniambia, "Mwalimu, hii imekwisha. Spea zake hazitoki tena." Papo hapo akateremsha nyingine kutoka rafuni na kuipangusa vumbi. Ningaliinunua kama fedha zingalitosha. Si busara iliyoniokoa. Ni mwisho wa mwezi.

Nikarudi nayo Macalder, nikampelekea fundi akaaye chini ya kibanda cha mabati karibu na soko. Akafungua skrubu nne, akapuliza vumbi na mabuu yaliyokauka, akatazama kitambo. "Mwalimu," akaniuliza, "nani amekwambia imekufa?" Waya mmoja uendao kwenye spika ulikuwa umeachia. Stima ilikuwa imekatika siku hiyo, basi akakitia chuma chake katika makaa ya jiko hata kikaiva, akalehemu, na msomaji wa habari akaanza kusema katikati ya sentensi. Akanidai shilingi 100. Nilizilipa kwa haraka, kwa kuwa nilikuwa na haya: wiki ile ile nilikuwa nimechora ubaoni mzunguko wa umeme, betri upande huu, swichi upande ule, nikawaambia wanafunzi kwamba waya ukiachia mahali pamoja kila kitu husimama. Niliyajua hayo kwa chaki. Kwa bisibisi sikuyajua.

Hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono, wewe usomaye. Umefundishwa mzunguko wa umeme, upitishaji wa joto, kutu na asidi. Mtihani ukija utayaandika na kupewa alama. Lakini jokofu la nyumbani likitoa jasho, je, wajua kufungia kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta? Kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea, na huo ndio unaoila stima ya mama yako, wala si mashine. Wajua kwamba vumbi lililoganda nyuma ya jokofu huizuia joto kutoka, na mashine ikahema usiku kucha kama mgonjwa wa pumu? Pasi isiyoshika moto mara nyingi ugonjwa wake uko katika kamba, pale inapokunjwa kila siku karibu na kishikio. Na katika nchi hii ya kandokando ya ziwa, ambako radi si mgeni, televisheni nyingi hazifi kwa uzee. Huuawa jioni moja ya mvua kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuchomoa plagi na waya wa antena. Hali kadhalika stima ikikatika: chomoa, ungoje irudi na kutulia, ndipo uchomeke. Kazi hiyo haihitaji cheti.

Sikusudii kukufanya mwabudu vikuukuu. Kuna vyombo vinavyostahili kuagwa. Betri ya simu ikivimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiitie chaji hata mara moja zaidi. Itenge na vitu vinavyoungua, maana inaweza kulipuka moto. Waya uliochunika penye maji ni kaburi lililo wazi. Usifungue televisheni ya kichogo kwa udadisi, kwa sababu huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Huyo mwachie fundi. Tena yako majokofu ya zamani sana yanayokula stima kiasi kwamba jipya lingejilipia kwa miaka michache. Mtu akipiga hesabu hiyo kwa kalamu, akaona kipya ni nafuu, anunue, wala sina neno naye. Ninayegombana naye ni yule asiyepiga hesabu kabisa, na yule anayepigiwa hesabu na muuzaji.

Adui mkubwa kuliko muuzaji, naye sipendi kumtaja lakini sina budi, ni aibu. Nimewasikia vijana wakichekana kwa sababu ya simu yenye kioo chenye ufa, au televisheni ya kichogo iliyo sebuleni kwa wazazi. Kijana mwenye ufa katika kioo huificha simu mfukoni kama aliyeiiba. Mbona hatumcheki mshonaji? Tembea sokoni uone cherehani za miguu zilizowashonea bibi zetu, zinazowashonea wajukuu sare za shule. Kila skrubu yake huonekana, kila kipande hubadilishwa, na mwenye nayo huipaka mafuta jioni. Hakuna amwitaye maskini kwa sababu mashine yake ni ya zamani. Au tazama jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililosanifiwa hapa Kenya katika miaka ya 1980: udongo ukipasuka, hatutupi jiko, twatia udongo mwingine. Tulijua kuishi hivyo na jiko na cherehani. Tumejisahau kwa vyombo vyenye kioo tu, labda kwa sababu vioo hutuonyesha sura zetu.

Na aibu hiyo humwangukia fundi pia. Twamwita fundi wa kubahatisha, twamlipa kwa kunung'unika, na mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ataka kujifunza kazi ile husema mtoto amepotea. Lakini akizeeka fundi yule na hakumfundisha mtu, tutakuwa wafungwa wa duka. Serikali zimeanza kuliona jambo hili. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kuwataka wauzaji wa baadhi ya vyombo waonyeshe alama, kutoka 0 mpaka 10, za jinsi kilivyo rahisi kutengenezwa, kama ripoti ya mwanafunzi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimu watengenezaji wa simu, majokofu na mashine za kufulia kuvitengeneza kwa bei ya haki hata dhamana ikiisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka imemwekea mwenye kuleta bidhaa wajibu juu ya bidhaa ile hata baada ya kuchakaa. Ni mwanzo mwema. Lakini sheria ya Nairobi hutembea polepole kufika Nyatike, na haitafika kabisa ikiwa mnunuzi wa Nyatike hajui kuuliza dukani kabla ya kutoa fedha: betri yake hutoka? Spea zake nitazipata wapi? Nani ataifungua ikinyamaza? Muuzaji akikosa jibu, shika fedha zako.

Ile redio yangu ingali mezani. Kitufe cha sauti kimelegea sasa, nami nimekikaza kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa, jambo ambalo fundi amelikataza kwa maneno makali. Ameniambia niilete Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na safari hii nishike bisibisi mwenyewe huku yeye akitazama.